Mluzi Kwenye Kompyuta ya Mwalimu

Mama mmoja aliniita nyumbani kwake mara tatu kwa sababu ya kelele ambayo haikuwepo.

Narudia, haikuwepo. Nililala kifudifudi sakafuni kwake, shavu kwenye kasha la kompyuta, nikabana pumzi mpaka macho yakataka kunitoka. Kimya.

Yeye kasimama mlangoni, mikono kifuani, anasema inalia.

Kabla hujasema mama wa watu alikuwa kachanganyikiwa, subiri kwanza. Hata mimi nilisema hivyo hivyo.

Mimi ni fundi wa kompyuta, huu mwaka wa kumi na moja. Pale dukani jina langu halisi walishalisahau, hata kikombe changu cha chai kimeandikwa Sikio. Jina lilitokana na namna yangu ya kufanya kazi. Mafundi wengine wakiletewa mashine wanaifungua. Mimi naiwasha, naiinamia, nasikiliza. Baada ya hapo nakuambia feni ya nyuma imechoka, au diski inakaribia kufa, kahamishe vitu vyako mapema. Na kweli inakuwa hivyo.

Kwa kelele za ndani kabisa nilikuwa na bisibisi ndefu. Ncha naiweka juu ya kifaa ninachokishuku, mpini naubana kwenye mfupa wa nyuma ya sikio. Wateja walipenda kuangalia. Wengine walinipiga picha.

Bosi naye akanusa biashara hapo hapo. Akachapisha stika ndogo za kijani zimeandikwa "IMESIKILIZWA". Kila mashine niliyoiunda au kuitengeneza naisikiliza dakika kumi, nikiridhika nabandika stika na kutia sahihi yangu. Hakuna duka lingine lililokuwa na kitu kama hicho, na bosi alihakikisha kila anayeingia analijua hilo.

Sasa, kipindi hicho nilikuwa nimepoa. Sijui nilielezeje. Sikuwa na huzuni, sikuwa na hasira, wala homa sikuwa nayo. Nilikuwa nipo tu.

Naamka, naenda kazini, narudi, nakula, nalala. Watu wakicheka mezani nami nacheka, nimechelewa kidogo.

Nyumbani pia palikuwa pamepoa. Nina binti wa miaka minane. Zamani alikuwa hanipi hata nafasi ya kuvua viatu, yuko juu yangu na habari za shule, nani kamwibia nani kifutio, nani kaanguka wapi. Kipindi hicho akawa ananipita mlangoni, anaenda kumsimulia mama yake jikoni. Nikajiambia mtoto anakua, mambo yake ni ya mama yake sasa.

Wala halikuniuma. Ukiniuliza leo, hilo ndilo lilipaswa kunitisha zaidi, kwamba halikuniuma.

Basi Jumatatu asubuhi dada wa mapokezi akaniwekea karatasi mezani. Kazi zote zilinifikia hivyo: mteja anaongea na dada kaunta, dada anaandika alichosema mteja, mimi nasoma, naanza. Utaratibu mzuri, ingawa mwandiko wa yule dada nilikuwa naulalamikia kila wiki.

Karatasi ilisema: "Mwalimu mstaafu. Kompyuta yake ile ya kupoozwa kwa maji. Inalia mluzi mwembamba kama mbu. Anarekodi sauti nyumbani, mluzi unaingia kwenye rekodi. Anaomba fundi aende."

Mashine hiyo nilikuwa naifahamu. Niliiunda mwenyewe, kwa mikono hii, mwaka uliotangulia.

Kwa asiyejua: kompyuta ikifanya kazi nzito inachemka. Nyingi zinapoozwa kwa feni, basi. Nyingine zina maji. Kuna pampu ndogo, saizi ya kopo la dawa ya viatu, inakaa juu ya prosesa, ule ubongo wa kompyuta. Inasukuma maji kwenye mipira miwili mpaka kwenye rejeta, kama ya gari ila ndogo. Maji yanapoa, yanarudi, yanazunguka. Watu wanaipenda kwa sababu ya utulivu wake, na ndiyo maana nilimwekea Mwalimu.

Nikaenda.

Mwalimu, ndiye yule mama niliyemtaja mwanzo, alikuwa na chumba kimoja amekitoa kwa kazi. Kitanda kimesimamishwa ukutani, magodoro mawili yamefunika dirisha, blanketi limetundikwa nyuma ya mlango. Katikati meza, kompyuta na kipaza sauti. Kila kitu mle ndani kilikuwa kimewekwa ili pawe kimya.

Nikamwamkia, akaitika, akanieleza shida yake akiwa ananiangalia usoni. Alifundisha miaka ishirini na miwili mpaka magoti yakakataa kusimama. Sasa hivi alikuwa anasoma vitabu vya shule kwa sauti, vinarekodiwa kwa ajili ya wanafunzi wasioona. Wenye kazi walikuwa wamemrudishia sura mbili. Walimwandikia kwamba nyuma ya sauti yake kuna mluzi, na sura ya tatu ikirudi kitabu watampa msomaji mwingine.

"Darasa walishanitoa, fundi," akasema. "Nimebakiwa na hiki."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, mimi ndiye Sikio.

Nikawasha mashine. Nikafungua ubavu wa kasha, nikainama. Feni zinazunguka, nazisikia zikivuma taratibu. Pampu nikaipima kwa bisibisi. Kule ndani kukawa na mngurumo mzito wa kawaida, mngurumo wa pampu nzima.

Mluzi hakuna.

Nikajiambia labda unakuja na kuondoka. Nikalilaza kasha upande huu, nikalilaza upande ule, maana hewa ikinasa kwenye pampu huwa inaleta vituko, na ukiipindua mashine hewa inahama. Nikasafisha feni, nikakaza skrubu ambazo zilikuwa zimekaza tayari.

"Sasa je?" nikauliza.

Mwalimu akainamisha kichwa. "Bado inalia. Kwani wewe unaisikiaje?"

Hapo ndipo ningeweza kusema ukweli, na simulizi hii isingekuwepo. Ningesema tu, Mwalimu, mimi mbona sisikii kitu.

Nikasema, "Naisikia kwa mbali. Ni hewa hiyo. Itapanda yenyewe, siku mbili tatu inaisha."

Nilisema kwa macho makavu. Nilisema kama nilivyokuwa nasema mambo yote kipindi hicho, ilimradi nimesema. Mtu anayeitwa Sikio atamwambiaje mteja hasikii?

Njiani nikaamua kwamba Mwalimu ana mawazo. Mtu mzima, peke yake, kajifungia kwenye magodoro siku nzima anasikiliza sauti yake mwenyewe. Lazima aanze kusikia mbu.

Jumatano asubuhi karatasi nyingine: "Mwalimu. Bado mluzi. Anasema hauishi."

Safari hii alikuwa amejiandaa. Akanivalisha hedifoni zake kubwa, akaniwekea rekodi ya jana. Nikasikia sauti yake inasoma habari za mizizi ya mimea, inavyofyonza maji kutoka ardhini. Sauti nzuri, imetulia. Alisoma kama dakika mbili. Nikatega masikio mpaka shingo ikauma.

Mizizi na maji, basi. Kingine chochote sikukisikia.

Akanivua hedifoni upande mmoja. "Umesikia?"

"Nimesikia," nikasema.

Sikujua nimesikia nini, lakini sasa ilibidi nifanye kitu. Fundi aliyesikia kelele hawezi kuondoka mikono mitupu. Nikaingia kwenye mipangilio ya mashine, nikaipunguza kasi pampu karibu nusu. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: ikizunguka polepole, kama kuna mluzi utapungua, na kama hakuna, Mwalimu ataona nimefanya kazi naye moyo utatulia.

Akasikiliza. Akasema kweli, umepungua kidogo.

Nikafunga kasha. Nilijisikia fundi tena, kwa kama nusu saa.

Jioni ile nilipofika nyumbani mke wangu alinikalisha. Alisema binti anahitaji niende shuleni kwao Ijumaa mchana, wanasoma hadithi walizotunga wenyewe mbele ya wazazi. Akaniuliza kama binti hakuniambia. Nikasema hakuniambia. Akasema mtoto aliniambia Jumapili, mezani, yeye akiwepo, na mimi nikaitikia sawa.

Sikukumbuka. Nikasema labda nilikuwa na mawazo.

"Mawazo gani?" mke wangu akauliza.

Mawazo yenyewe sikuwa nayo. Nikaenda kuoga.

Alhamisi asubuhi hapakuwa na karatasi. Bosi mwenyewe alikuja mpaka mezani kwangu, akasimama mbele yangu kabisa, akaongea taratibu kama anayemsomea mtu hukumu. Mashine ya Mwalimu ilikuwa imezimika yenyewe jana mchana, katikati ya kusoma. Ilichemka mpaka ikajizima. Sura nzima ya tatu, ambayo alikuwa hajaihifadhi, imepotea. Kesho saa sita mchana ndiyo mwisho wa kuipeleka.

Mimi ndiye niliyeichemsha. Nilijua papo hapo. Pampu inayozunguka nusu haiwezi kupooza mashine inayofanya kazi kutwa.

"Sikio," bosi akasema, "hii mara ya tatu. Nenda. Ukirudi bila jibu la kueleweka, weka bisibisi mezani tuagane vizuri."

Nikabeba begi. Mnataka kujua nilihisi nini? Sikuhisi kitu. Nilikuwa nafikiria kama nimechukua tochi.

Mwalimu hakunigombeza. Nilitamani anigombeze. Alinifungulia mlango, akanionyesha kiti mbele ya kompyuta, akaniambia nisishike chochote kwanza. Akawasha. Akarudisha kasi ya pampu mwenyewe, alikuwa ameshajua ilipo. Akafungua ile programu yake ya kurekodi.

"Hii inachora sauti," akasema. "Nzito zinakaa chini, nyembamba zinakaa juu. Sasa tunyamaze wote wawili."

Tukanyamaza. Kwenye skrini, chini, kukawa na ukungu hafifu, hizo ni feni. Na juu, juu kabisa, ukaanza kujichora uzi. Mwembamba, umenyooka, haukatiki. Unakwenda tu.

Akazima maikrofoni, akawasha. Uzi upo. Akasogeza maikrofoni karibu na kasha. Uzi ukakolea.

Nilikuwa nauangalia ule uzi huku masikio yangu yakiwa hayana kitu. Chumba kizima kilikuwa kimya. Lakini mashine ilikuwa inasema hapana, hapa pana mluzi, na ni mkali.

Sijui nilikaa hivyo muda gani. Nilipoinua kichwa, Mwalimu alikuwa mbele yangu, ameinama, ananitazama machoni.

"Nimekuita mara tatu nikiwa nyuma yako," akasema. "Nimekuuliza kama utakunywa chai."

"Nilikuwa natazama skrini."

"Fundi." Akavuta kiti, akakaa. "Nimefundisha miaka ishirini na miwili. Karibu kila mwaka nilikuwa na mtoto mmoja anayenitazama mdomo. Wenzangu walisema ni mtukutu, wengine walisema mzito. Mimi nilikuwa namhamishia kiti cha mbele, basi. Tangu Jumatatu unanitazama mdomo."

Nikageuza macho kwenye kasha.

"Husikii, mwanangu," akasema. "Na siyo mbu peke yake."

Ningeweza kubisha. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Lakini uzi ulikuwa bado unajichora pale kwenye skrini, na kwenye ubavu wa kasha palikuwa na stika ya kijani yenye sahihi yangu.

"Sisikii," nikasema.

Ilikuwa mara ya kwanza kulisema neno hilo tangu niitwe Sikio. Halikuniua.

Mwalimu akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepokea daftari la mwanafunzi. Akasema haya, kesho saa sita mchana, tufanyeje?

Tukafanya hivi. Yeye akavaa hedifoni, akainua mkono juu. Mkono ukiwa juu, mluzi upo. Ukishuka, umeisha. Mimi nikaanza kuchomoa feni moja moja. Ya mbele, mkono juu. Ya nyuma, mkono juu. Zile mbili za kwenye rejeta, bado mkono juu.

Ikabaki pampu. Pampu huwezi kuizima hivi hivi, prosesa itaungua, lakini sekunde tano inavumilia. Nikachomoa waya.

Mkono ukashuka. Uzi kwenye skrini ukakatika.

Nikarudisha haraka. Mkono ukapanda.

Nikaweka ncha ya kidole juu ya pampu, na safari hii niliacha bisibisi kwenye begi. Kidole kilihisi kile ambacho sikio lilikuwa halipati, mtetemeko mwembamba, kama jino linapoanza kuuma. Pampu ilikuwa imeliwa ndani.

Halafu nikaona kwa nini, na hapo nikakaa chini sakafuni.

Rejeta ilikuwa ndani ya kasha, upande wa chini. Pampu ilikuwa juu yake. Kila fundi anajua kwamba kwenye mfumo wa maji huwa panabaki hewa kidogo, na hewa inapanda. Rejeta ikiwa juu, hewa inakwenda kukaa kwenye rejeta, haimsumbui mtu. Rejeta ikiwa chini, hewa yote inapanda kwenye pampu. Pampu inatafuna hewa badala ya maji, siku kwa siku, mpaka inakwisha.

Na aliyeiweka chini ni mimi. Kasha la Mwalimu lilikuwa dogo, juu pamebana. Nilijua siyo sawa. Lakini nikajiambia, nitaifunga, nitaisikiliza dakika kumi, kama inalalamika nitaisikia.

Nikaisikiliza dakika kumi. Kimya kabisa. Nikabandika stika.

Mwalimu akaniambia mluzi ulikuwepo tangu siku ya kwanza, mdogo. Alidhani ndivyo mashine za maji zilivyo. Aliamini stika.

Nikaondoka nikarudi baada ya saa moja na feni kubwa ya kawaida, ile ya chuma, isiyo na maji wala pampu. Nikatoa mfumo wote wa maji, nikafuta ile dawa nyeupe ya kupitisha joto iliyokauka juu ya prosesa, nikapaka mpya, nikafunga feni. Kasha tukalisogeza mpaka nyuma ya godoro. Tukawasha.

Yeye akafumba macho na hedifoni zake. Mimi nikatazama juu ya skrini. Ukungu wa feni ulikuwa chini, umetulia. Juu palikuwa peupe.

"Nasikia feni, kwa mbali sana," akasema. "Hiyo haina shida. Mbu kaondoka."

Nikamwomba radhi. Nilimwomba kwa sura iliyopotea, kwa siku nne, na kwa kumdhania ana mawazo. Hilo la mwisho hakuwa analijua, lakini nilimwambia. Akacheka kidogo. Akasema nimpishe, ana sura nzima ya kusoma upya na sauti ni moja tu. Nikabandua stika yangu, nikaondoka. Saa nane mchana tayari alikuwa anasoma.

Niwaambie kabisa, sura ilifika Ijumaa kabla ya saa sita na hawakuirudisha. Kitabu alikimaliza yeye.

Mimi nikarudi dukani. Njia nzima nilikuwa napanga namna ya kumwambia bosi. Nitaweka bisibisi mezani kabla hajaniambia. Nitasema nilikuwa sijui. Nitasema samahani kwa stika.

Nikaingia moja kwa moja mpaka kaunta. Bosi alikuwepo, dada wa mapokezi alikuwepo. Nikaweka bisibisi juu ya kaunta.

"Bosi, mimi sisikii vizuri. Ile kelele ilikuwepo, na sikuisikia."

Nilitegemea ashtuke. Bosi akavua miwani, akaifuta kwa shati, akamtazama dada. Dada akaangalia chini. Wakaonekana kama watu ambao wamefikiwa na mgeni waliyemsubiri muda mrefu.

"Hatimaye," bosi akasema.

Sikuelewa. Bosi akanishika bega, akanigeuza kuelekea meza za mafundi wengine wawili.

"Angalia mezani kwao. Unaona karatasi?"

Nikaangalia. Bisibisi, skrubu, vikombe, mashine zilizofunguliwa. Karatasi hakuna. Mmoja wa mafundi alikuwa anaongea na mteja wake uso kwa uso, wanacheka.

"Zile karatasi siyo utaratibu wa duka," bosi akasema. "Huyu dada alianza kukuandikia mwenyewe, mwaka wa pili huu. Mteja anakuambia skrini, wewe unarekebisha spika. Watu wakaanza kulalamika. Yeye akasema muacheni, nitamwandikia."

Mwaka wa pili. Na mimi kila wiki nalalamikia mwandiko.

Nikamgeukia dada. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu nilisikia kitu kifuani, na kilikuwa hasira. "Mbona hamkuniambia?"

Dada akanitazama. Alikuwa na machozi lakini alikuwa anajizuia asicheke pia.

"Nilikuambia, kaka," akasema. "Nilikuambia mara mbili. Ulitikisa kichwa ukasema sawa."

Ndugu zangu, nilikaa kwenye kile kiti cha wateja nikashindwa kuinuka.

Hawakunifukuza. Bosi alinipeleka mwenyewe hospitali jioni ile ile. Wakanifungia kwenye chumba kidogo, nikavalishwa hedifoni, nikaambiwa nibonyeze kitufe nikisikia mlio. Nikakaa mle nasubiri milio. Baadaye nikaambiwa ilikuwa imepigwa mingi.

Daktari akanichorea mstari. Sauti nzito nazisikia vizuri tu, feni, milango, wanaume wenzangu. Zile za juu zimekwenda, masikio yote mawili. Akaniuliza kazi yangu. Nikamwambia. Akauliza kama kuna kifaa chochote cha kelele ninachotumia.

Nikafikiria. Blowa. Ile ya kupulizia vumbi kwenye mashine. Inapiga ukelele usoni kwako, kutwa, miaka kumi na moja, na hakuna siku niliyoziba masikio. Nitayazibaje, na ndiyo kazi yangu?

Akasema zilizokwenda hazirudi. Kuna vifaa vya kuvaa, vitasaidia. Akaongeza kitu kimoja, kwamba sauti za kwanza kupotea ni za aina hiyo, ndege, kengele ndogo, na watoto. Hasa watoto wa kike.

Nikamwomba arudie. Siyo kwamba sikuwa nimesikia.

Nyumbani nilimkuta binti yangu mezani peke yake anaandika. Mama yake alikuwa jikoni. Nikavuta kiti, nikakaa karibu naye. Nikaona midomo yake inacheza. Alikuwa ananiambia kitu bila kuinua kichwa.

Siku zote hapo ningesema sawa, mwanangu.

"Sijasikia," nikasema.

Akainua kichwa, akamtazama mama yake aliyekuwa ametokeza mlangoni. Halafu akasema kwa nguvu, mdomo wazi, kama anaongea na babu:

"Nimesema, umekalia daftari langu."

Nikainuka. Kweli nilikuwa nimelikalia. Nikampa, nikamwambia polepole kwamba masikio ya baba yameharibika. Yameharibika zamani na baba hakuwa anajua. Alipokuwa ananiambia vitu, nilikuwa naona mdomo tu, naitikia ovyo.

Akanyoosha ukurasa uliokunjika.

"Mimi nilidhani umechoka na hadithi zangu," akasema.

Hilo nililisikia lote. Nikalia, jamani. Mwaka mzima nilikuwa sihisi kitu, na siku hiyo nililia mbele ya mtoto mpaka mama yake akaja kunishika. Sijui kama ni huzuni au nini. Ila nilijua nimerudi.

Kesho yake mchana nilikuwa shuleni kwao, nimekaa kiti cha mbele kabisa. Hadithi yake sikuipata yote. Jioni alinirudia kuisoma, tukiwa tumeangaliana.

Bado ni fundi. Natumia vidole, na nina programu ya kuchora sauti kama ya Mwalimu. Mashine arobaini na moja zilitoka pale dukani na stika ya sahihi yangu. Dada ananipigia simu kwa wenyewe, moja baada ya nyingine, naenda kuzipima upya. Mpaka leo nimepima ishirini na sita. Sita nimezikuta zinalia.

Kwa hiyo wewe unayesoma hapa, unayeitikia sawa kwa vitu ambavyo hujasikia, au hujaelewa, au hujui, kwa sababu watu wanakujua kama mjuzi, nakuambia kitu kimoja tu. Nyumba yako ikianza kuwa kimya, usikimbilie kusema watu wamebadilika. Muulize mtu wa karibu kama anaongea. Na akikujibu ukashindwa kumsikia, mwambie hujasikia. Atarudia.